Kiti cha Barazani

Kanyenye, Tabora
Jumatatu, 4 Februari 1974

Mdogo wangu Hilari,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua utaitikia, na najua utanuna kidogo kwamba salamu hii imetoka kwangu. Nuna, ukimaliza uendelee kusoma.

Huku wote wazima isipokuwa mimi. Macho ya shemeji yako Lukumani yamezidi kuingia ukungu. Randa ameitundika, useremala basi. Siku hizi anakaa nje, mafundi vijana wanamletea mbao azipapase, awaambie huu mninga, huu mkurungu, hapa mmeuziwa kuni. Binti yetu Swaumu anafundisha kisomo cha watu wazima. Wazee wenye mvi wanamwita mwalimu, na kichwa kimemvimba kidogo.

Kilichonishikisha kalamu ni koo. Lilianza mwezi wa kumi, matobolwa ya viazi vikavu yakanikwama nikadhani ni pupa yangu. Sasa hata ugali nausukuma kwa maji. Daktari alinipiga picha, akaandika karatasi ndefu, kisha akaanza kuniita mama kwa sauti laini. Daktari akianza upole, Hilari, jua mambo yameharibika. Amesema litaziba pole pole, chakula kizito kwanza, halafu uji, halafu maji.

Sikuandikii unililie. Nakuandikia kwa sababu wewe ni katekista, na mimi nimezuiwa komunyo tangu nilipoolewa na Mwislamu bila padri, mwaka wa arobaini na sita. Miaka ishirini na minane sasa. Kila Jumapili naenda kanisani. Lukumani mwenyewe ndiye huniamsha, husema, "Mama Swaumu, kengele yenu hiyo." Navaa baibui langu, maana mke wa fundi Lukumani hapiti Kanyenye kichwa wazi, na nasimama nje kwenye dirisha la tatu. Nasikia yote. Padri akitamka kwamba heri walioalikwa karamuni, nageuka narudi nyumbani, kwa sababu hapo ndipo pananiuma.

Mwaka jana alikuja padri kijana, Padri Kasimiri, Mnyamwezi mwenzetu. Baada ya wiki chache nikakuta kiti kwenye baraza la kanisa, chini ya dirisha langu. Mzee wa kanisa akaniambia, "Padri kasema hiki ni chako, mama." Nilikaa, miguu ikashukuru, lakini moyo ulivunjika. Nilielewa kwamba mahali pangu ni hapo na nisisogee zaidi. Padri mwenyewe hunipungia mkono kwa mbali, hanisogelei.

Jumapili ya jana walisoma yale ya nabii, ya kuwaita wenye kiu wote waje majini, hata asiye na senti. Nilitaka kuingia. Nilifika mpaka kwenye mlango nikaishika fremu yake. Niambie wewe unayejua: mwito ule una orodha ya majina, au ni wa kila mwenye kiu? Nataka kupokea mara moja tu kabla koo halijafunga. Sina ombi lingine duniani.

Msalimie Leonia na watoto.

Dada yako,
Marcelina
(hapa mtaani ni Bi Maua, lakini wewe usiniite hivyo)



Kijiji cha Isimba, S.L.P. Kaliua
11 Machi 1974

Dada Marcelina,

Shikamoo. Milele, amina. Barua yako imechelewa njiani kwa ajili ya mvua, nami nimechelewa kujibu kwa kuwa tumo katika tumbaku na mabani ya kukaushia hayataki kuachwa bila moto. Nimesikitika sana kusikia habari za koo. Mke wangu anasema ule mlenda, unateleza.

Kuhusu swali lako. Mwito ni wa wote, dada, lakini mwalikwa huja na vazi la karamu. Kanisa halimfukuzi mtu; mtu hujiweka nje mwenyewe. Unaishi na mume ambaye hukufunga naye ndoa mbele ya padri, na kwa hali hiyo njia ni moja. Uachane naye, uungame, urudi. Chumba cha marehemu baba kipo, na Leonia amekubali upewe wewe.

Kiti ulichowekewa barazani ni huruma ya Kanisa kwako. Kaa hapo kwa unyenyekevu. Sikushauri umsumbue padri kwa mambo haya. Ni kijana, hayajui ya zamani, na anaweza kukujibu vibaya.

Tunakukumbuka katika sala za jioni.

Mdogo wako katika Kristo,
Hilari Jilala, Katekista



Kanyenye, Tabora
18 Aprili 1974

Hilari,

Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya pili nikimtafuta mdogo wangu ndani yake. Nimempata kwenye mlenda tu, na huo ni wa Leonia.

Unaniambia nimwache Lukumani. Sasa sikiliza tunavyoishi. Asubuhi namshika mkono nampeleka uani. Akirudi anakaa na kinu kidogo, ananitwangia karanga mpaka ziwe laini kabisa ili zipite. Mmoja hana macho, mwingine hana koo, ndio unataka tugawanyike? Mtoto wetu wa kwanza alipokufa, mtu huyu alinichongea msalaba wa mpingo akanitilia sandukuni. Akasema, "Huu ni wa kwenu. Kuutumia sijui, kuuchonga najua." Mwenye kuniambia nimwache ili nimpendeze Mungu, basi ana Mungu mwingine nisiyemjua. Nisamehe kama ni kufuru. Nimekasirika.

Lakini sijakata tamaa na wewe. Njoo Tabora siku moja tu. Treni ya Kaliua si safari ya Makka. Twende wote kwa Padri Kasimiri umwambie kwa kinywa chako: mwanamke huyu ni Marcelina Jilala, alibatizwa misioni kwetu, mimi ni ndugu yake, hebu tazama kama kuna njia. Nikienda peke yangu nina nini cha kuonyesha? Nina baibui. Wewe ni katekista wa miaka mingi, wewe watakusikiliza. Akisema hapana, nitaisikia hapana hiyo kwa masikio yangu na nitanyamaza mpaka kaburini.

Pasaka nimeipitisha barazani. Ugali umekwisha kwangu, sasa ni uji. Usichelewe.

Marcelina



Kijiji cha Ujamaa Umoja, S.L.P. Kaliua
2 Septemba 1974

Dada yangu,

Shikamoo. Usidhani nilinyamaza kwa kiburi. Isimba haipo tena.

Mwezi wa saba walikuja vijana wa operesheni ya vijiji na malori. Tulipewa siku mbili. Tulipakia mahindi, kuku, na kengele ya kanisa. Kanisa lenyewe limebaki porini peke yake, na nadhani mchwa wameshaanza ibada yao. Paa za nyumba zilichomwa ili mtu asipate pa kurudi, na yetu ilikuwa mojawapo. Hapa tumepangwa mistari miwili kando ya barabara, nyumba za nyasi, na maji yako mbali. Tunaambiwa shule na zahanati vinakuja. Huenda ni kweli, nyundo zinasikika. Lakini wazee wanakaa wakitazama upande tulikotoka.

Kuhusu kuja Tabora, hakuna anayesafiri bila kibali cha mwenyekiti wetu, Ndugu Mussa, naye hatoi kibali mpaka kila kaya imalize kujenga kabla ya mvua. Nimeomba. Sikupata.

Nikuambie jambo moja. Nyumba ilipokuwa inashika moto niliingia ndani. Leonia alidhani nakwenda kuokoa baiskeli. Nilitoka na kopo la kahawa, baiskeli ikaungua. Amenikasirikia hadi leo, wala sijamwambia kilichomo. Wewe nitakuambia, lakini leo siwezi.

Koo linaendeleaje?

Hilari



Kanyenye, Tabora
30 Septemba 1974

Hilari mdogo wangu,

Maskini Isimba yetu. Nimemweleza Lukumani, akauliza kama kaburi la baba limebaki salama. Nijibu nimjibu.

Koo linapitisha uji mwepesi kwa kijiko, na kikombe kimoja kinanichukua tangu saa tatu hadi adhuhuri. Baibui linanipwaya. Naandika kidogo kidogo, usione mwandiko umebadilika ukaogopa.

Uliponyamaza miezi ile nilisema, aa, simngoji tena. Wiki jana nilikwenda mwenyewe kwa Padri Kasimiri. Nilijifunza maneno yangu njia nzima: baba, mimi ni mwanao, jina langu ni hili, nina kiu. Nikamkuta ukumbini kwake. Akasimama kwa heshima akasema, "Assalaam aleikum, mama." Kabla sijafikiri, mdomo ukajibu, "Waaleikum salaam." Miaka yote hii Kanyenye, Hilari, mdomo umezoea. Akaniuliza kama kiti kinanifaa. Akasema, "Keti pale kwa amani, mama yangu, usikilize. Hapa hatumlazimishi mtu kuingia."

Nilishindwa. Mimi ninayegombana na wauza dagaa mpaka wanaongeza, mbele ya kijana yule nilikosa ulimi. Nilisema asante baba, nikaondoka. Nililia mpaka sokoni, tena bila kujificha. Hata yeye ananijua kwamba mimi ni mtu wa nje, na ananiambia kwa adabu.

Sasa niambie koponi mna nini. Sina muda wa mafumbo.

Marcelina



Kijiji cha Ujamaa Umoja
Jumapili, 27 Oktoba 1974

Dada,

Leo nimeongoza ibada na watu wameitikia amina. Nimerudi nyumbani nikamwambia Leonia asiniletee chakula. Naandika sasa, kwa maana nikilala nitaahirisha tena.

Koponi mna karatasi. Nimeiambatanisha, utaiona. Ni yako tangu mwaka wa arobaini na nane.

Mwaka ule nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, nasomea ukatekista misioni kwa Padri Viktori. Siku moja mumeo alikuja. Alikuja peke yake kwa treni na kwa miguu, amevaa kanzu, hakukuambia. Alimwambia Padri, "Mke wangu anasimama nje ya nyumba ya Mungu wake kwa sababu yangu. Nifanye nini?" Mimi ndiye niliyewaletea maji ya kunywa. Padri akamweleza kwamba askofu anaweza kutoa ruhusa mfunge ndoa kanisani, yeye abaki Mwislamu na wewe ubaki Mkristo, akikubali usali kwa uhuru na watoto wabatizwe. Lukumani akakubali. Akaweka dole gumba.

Ruhusa ilitoka baada ya miezi mitatu. Padri akanikabidhi mimi nikuletee. Imeandikwa mje wote wawili siku yoyote mpendayo, hakuna mnachodaiwa. Sikuileta.

Nikuambie sababu, ingawa ni ya aibu. Kule shuleni walinicheka kwamba dada yangu ameolewa barazani kwa Waswahili. Nilimwahidi baba nitakurudisha nyumbani. Nilisema moyoni, akizuiwa kupokea, kiu itamrudisha. Nilikutakia kiu, dada. Mwaka mmoja ukapita, hukurudi. Padri akaniuliza, "Wale wa Tabora walijibuje?" Nikasema, "Wamekataa." Yule mzee alisikitika, akakuombea. Kisha akaenda likizo kwao Ulaya, akafa huko.

Sijamaliza. Kibali sijawahi kukiomba. Ndugu Mussa hakunikatalia, nilimsingizia. Na kiti kile niliposoma habari zake nilielewa mara moja, katekista yeyote angeelewa. Padri Kasimiri anakuona Jumapili zote na baibui, hajui jina lako, anadhani wewe ni mwanamke wa Kiislamu unayevutwa na ibada. Kiti ni cha kumkaribisha mgeni. Nami nikakuandikia ukae hapo kwa unyenyekevu, kwa sababu ungezungumza naye angeuliza kwa askofu, nawe ungeijua karatasi hii.

Mpelekee hiyo karatasi. Mpelekee na barua yangu, ni ushahidi kwamba umebatizwa, nilikuwapo, nilikuwa mtoto nimeshika mshumaa ubatizo wa nyumba nzima ya baba. Nenda leo hii. Sijui koo lako liko wapi sasa. Naogopa kuhesabu siku za posta.

Kaburi la baba ni salama.

Hilari



Kanyenye, Tabora
Jumatatu, 11 Novemba 1974

Mjomba,

Shikamoo. Ni mimi Swaumu. Mama hawezi kushika kalamu tena. Haya ninayoandika ameniagiza mengine, na mengine ni yangu. Utayajua.

Barua yako ilifika Ijumaa. Mama alikuwa amelala, uji ulikuwa umekataa kupita tangu wiki mbili nyuma, anapewa maji kwa matone na nesi jirani anamtilia mengine kwa mshipa. Alisema nisome kwa sauti, Baba akiwapo. Nilisoma. Nilipofika pa dole gumba nilitaka kuruka, Baba akasema, "Soma, mwanangu."

Nilipomaliza, Baba aliomba karatasi akaipapasa. Akasema, "Nilingoja jibu mwaka mzima. Nikaona padri amenikataa, na mtu hapigi hodi mara mbili kwenye nyumba iliyomkataa. Nikanyamaza nisimuumize mama yako." Mjomba, sijawahi kumwona Baba akilia. Macho yake hayaoni lakini machozi yapo.

Mama aliniambia nirudie pale palipoandikwa mje siku yoyote. Nilirudia mara tatu. Kisha akaomba baibui lake. Alitaka kwenda palepale. Tulimketisha, miguu ikakataa, tukamlaza.

Nilikwenda kwa Padri Kasimiri kesho yake asubuhi. Nilimpa karatasi na barua yako. Alisoma amesimama, kisha akakaa chini. Aliuliza, "Ndiye mama wa kiti?" Nikasema ndiye. Alirudia, "Nilimwambia hatumlazimishi mtu kuingia." Alirudia maneno hayo njia nzima mpaka nyumbani, na nilimhurumia.

Mimi ni Mwislamu, mambo yenu siyajui vizuri, nakueleza nilichoona. Alisema kwa mtu mahututi anayo mamlaka, wala hatungoji karatasi nyingine. Akamsikiliza Mama peke yao. Akatuita ndani, mimi na nesi tukawa mashahidi. Akamwuliza Baba kama anamkubali Marcelina kuwa mke wake. Baba akajibu, "Nilimkubali mwaka wa arobaini na sita. Niulize jingine." Mama alicheka. Jirani zetu walijaa mlangoni wameshika vichwa, na Bi Sikuzani, ambaye hampendi mtu, akapiga kigelegele.

Halafu ikawa ile komunyo. Padri alivunja chembe ndogo kuliko punje ya ulezi, akaiweka kwenye kijiko cha maji. Mama alifungua kinywa kama mtoto. Haikupita. Maji yalirudi yote kwa kikohozi. Padri alipangusa kwa kitambaa cheupe. Wakajaribu tena bila maji. Ikarudi. Mara ya tatu nesi akasema, "Baba, mtamkaba." Padri akaacha.

Mjomba, nataka ujue ilikuwaje. Kila mtu aliyekuwa chumbani alitaka ipite. Baba yangu, Mwislamu asiyeiona, alikuwa ameshika goti la Mama akisema, "Polepole, polepole." Haikupita. Ingekuwa mwezi wa nne, alipokuita, ingepita. Hilo ni langu, hajaniagiza.

Padri akamwambia kwamba aliyealikwa akaja akashindwa kumeza amekula karamu nzima, kwa Mungu hamna upungufu. Sijui kama ni fundisho lao au alimhurumia tu. Mama alimtazama sana, akamshika mkono, akauweka juu ya kifua chake. Tangu hapo ametulia. Hasemi kwamba ameshiba. Hasemi lolote juu ya hilo.

Jana nilimwuliza, "Nimwandikie Mjomba kwamba umemsamehe?" Akatikisa kichwa. Nikauliza, "Nimwandikie kwamba hujamsamehe?" Akatikisa tena. Akasema neno moja moja, ilimchukua muda: "Mwambie aje. Asilete kitu." Nikafikiri amechoka, nikangoja kama kuna lingine. Akasema, "Andika."

Basi nimeandika. Kama ni mimi, ningeandika mengine.

Swaumu Lukumani



Stesheni ya Kaliua
Jumanne, 19 Novemba 1974

Dada yangu Marcelina,

Shikamoo. Swaumu atakusomea.

Barua ilinifikia Ijumaa. Jumamosi nilikwenda kwa Ndugu Mussa kuomba kibali, mara yangu ya kwanza. Aliuliza, "Dada yako mgonjwa tangu lini?" Nikasema tangu mwaka jana. Akanitazama, akaandika siku kumi bila kuuliza zaidi. Siku ile ile nikashuka Kaliua.

Treni ya Tabora ilipita Jumapili. Nitamwambia Leonia ilikuwa imejaa. Haikujaa, dada. Kulikuwa na nafasi kwenye benchi la dirishani, karibu na mama mmoja mwenye kuku. Nilisimama na tiketi mkononi nikashindwa kuinua mguu.

Uliagiza nisilete kitu, na hapo ndipo ninaposhindwa. Nilitoka nyumbani na debe la asali. Hapa stesheni nikaliona debe nikaona haya, nikalitoa kwa watu. Kisha nikaona haya zaidi kwa kuwa mikono ni mitupu. Nimefundisha watoto katekisimu miaka ishirini na mitano kwamba mwaliko wa Mungu haununuliwi. Waliimba, nikawapa maksi. Sasa nimealikwa mimi, na natafuta pa kulipia. Ungeniandikia matusi ningepanda treni ya kwanza. Ungeniambia nipige magoti toka stesheni hadi Kanyenye, ningepiga. Lakini unaniambia nije tu. Nitakutazama vipi? Nitakaa upande gani wa kitanda? Lukumani ataniuliza habari za safari, namjua, atasema karibu shemeji, na mimi nitamjibu nini?

Naogopa pia nikifika nikukute hupo. Na naogopa nikukute upo.

Leo saa kumi inapita nyingine. Nimesema leo napanda. Nimenunua tiketi upya, nimeishika. Naandika ili muda upite.

Imeshapiga honi kule kwenye kona.

Hilari

Nyongeza. Gadi wa treni ameniuliza, "Mzee, unapanda?" Nimesema, "Namsindikiza mtu." Nimempa yeye barua hii ailete Kanyenye. Mimi nimebaki. Nisaidieni.



SIMU YA MAANDISHI
TABORA, 20 NOVEMBA 1974

HILARI JILALA STESHENI KALIUA

MAMA YU HAI. TUMEMSOMEA. ANASEMA NYINGINE INAPITA ALHAMISI.

SWAUMU